Namba ya tarakimu ishirini: jinsi ya kuipasua kwa kalamu

Ukinunua umeme wa LUKU unapewa namba ya tarakimu ishirini, imekatwa nne nne. Ukishaibonyeza kwenye mita kazi yake imekwisha, karatasi inatupwa. Mimi huziomba karatasi hizo. Nafundisha tuisheni ya hisabati jioni hapa Uyole, Mbeya, darasa liko nyuma ya ghala la viazi, na mazoezi ya vigawo yaliyomo vitabuni yamejaa namba kama 84 na 360 ambazo mtoto wa kidato cha pili anazimaliza kabla sijafuta ubao. Mpe tarakimu ishirini uone anavyokaa sawa kwenye benchi.

Hapa sitaandika namba ya mita ya mtu. Nimeunda yangu, na ukitaka kujifunza chukua kalamu tuende nayo:

4716 2850 3391 7624 5583

Kazi ni kuitafutia vigawo tasa, yaani vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. Kwanza ujue unapambana na nini. Kama namba si tasa, basi ina kigawo kimoja angalau kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo viwili vyote vikizidi kipeuo hicho, zao lao litaizidi namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama bilioni 6.9. Mtu akijaribu kigawo kimoja kila sekunde, bila kulala wala kwenda sokoni Mwanjelwa, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 200. Kwa hiyo kugawa moja moja kuanzia 2 si njia. Darasani kwangu sheria ni moja: usigawe chochote kabla hujaitazama namba imekaaje.

Tarakimu ya mwisho ni 3, basi 2 na 5 zimetoka. Jumla ya tarakimu zote ni 89, ambayo haigawanyiki kwa 3, basi 3 na 9 nazo zimetoka. Haya kila mtu anayajua, tusikae hapo.

Penye faida ni kwenye kukata upya. Futa ile mikato ya nne nne, kata tatu tatu ukianzia kulia:

47 162 850 339 176 245 583

Sasa jumlisha makundi kwa kuruka moja, ukianza na la mwisho kulia: 583 + 176 + 850 + 47 = 1656. Jumlisha yale uliyoyaruka: 245 + 339 + 162 = 746. Toa: 1656 − 746 = 910. Namba yetu nzima ya tarakimu ishirini inaacha baki lilelile ambalo 910 inaacha ukiigawa kwa 7, au kwa 11, au kwa 13. Na 910 ni 7 × 13 × 10. Kwa hiyo 7 inaingia, 13 inaingia, na 11 haiingii kwa sababu 910 inaacha baki 8. Mistari mitatu ya hesabu, tasa tatu zimejibiwa kwa mpigo.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu 1001 = 7 × 11 × 13. Elfu moja imepungukiwa na moja tu kufika 1001, kwa hiyo mbele ya 7, 11 na 13 elfu moja inafanya kazi ya −1, milioni inafanya kazi ya +1, bilioni −1, na kuendelea. Ndiyo maana tunajumlisha na kutoa kwa zamu. Mwanafunzi akilielewa hili, hahitaji kukariri kanuni ya kugawa kwa 7 ambayo kila mwaka inasahaulika ikifika Machi.

Na ukishalielewa, unaweza kujitengenezea vipimo vingine. 999 = 27 × 37, kwa hiyo makundi yaleyale ya tatu tatu, safari hii unayajumlisha yote bila kutoa: 1656 + 746 = 2402, unakata tena, 2 + 402 = 404. Hiyo 404 ukiigawa kwa 37 inabaki 34, basi 37 haimo. 101 inapimwa kwa makundi ya mbili mbili, kujumlisha na kutoa kwa zamu, kwa sababu 100 imepungukiwa moja kufika 101. Na kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha makundi ya tano tano, kwa sababu 99999 = 9 × 41 × 271:

47162 + 85033 + 91762 + 45583 = 269540

Unakata tena: 2 + 69540 = 69542. Kwa 41 inabaki 6, kwa 271 inabaki 166. Hazimo zote mbili. Ona lakini kwamba umeijaribu 271, tasa ambayo vipimo vya shuleni haviifikii kabisa, kwa kujumlisha tu.

Sasa gawa kweli. Kwa 7 unapata 6737550048453749369, hiyo kwa 13 unapata 518273080650288413. Kila ukigawa, rudia kipimo kwa kilichobaki, kwa maana kigawo kinaweza kuingia mara mbili. Hapa hakiingii: makundi ya 518 273 080 650 288 413 yanatoa 450 kwa zamu, na 450 haigawanyiki kwa 7 wala 13.

Kwa 17, 19 na tasa nyingi zinazofuata hakuna kipimo kizuri cha makundi, basi tumia simu, ila uitumie kwa akili. Usimwage tarakimu kumi na nane zote kwenye kikokotoo cha simu. Vingi vitakuzungushia jibu, na Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazifanya sifuri bila kukuaga. Beba baki. Chukua sita za kwanza: 518273 kwa 17, baki 11. Bandika hiyo 11 mbele ya sita zinazofuata: 11080650 kwa 17, baki 16. Bandika tena: 16288413 kwa 17, baki 16. Mwisho haikubaki sifuri, basi 17 haimo. Kwa njia hii simu ya elfu thelathini inagawa namba ya urefu wowote.

Na hapo ndipo kalamu inapoanza kuchoka. Namba hii haina umbo. Niliichapa tu, tarakimu zimekaa zilivyokaa, na zikishaisha tasa ndogo unabaki na gunia lililoshonwa mdomo. Sasa linganisha na hii:

11111111111111111111

Moja ishirini. Ni ndefu sawasawa na ile ya kwanza. Nilipoiandika ubaoni, kijana mmoja aliyekaa dirishani alisema, "Mwalimu, hiyo tasa tu. Mbili haiingii, tatu haiingii, tano haiingii, na saba nimejaribu haiingii." Hesabu zake zilikuwa sahihi zote. Mwenzake wa benchi la nyuma, binti anayetoka Igawilo, akasema, "Shikamoo mwalimu, lakini si unaikata katikati?"

Ndiyo. Unaikata katikati. Moja ishirini ni moja kumi, halafu moja kumi tena, kwa hiyo ni 1111111111 × 10000000001. Hujagawa chochote na tayari umethibitisha kwamba si tasa. Moja kumi nayo ikate katikati: 11111 × 100001. Kwa hiyo una vipande vitatu vya kushughulikia, kikubwa kabisa kina tarakimu kumi na moja.

100001 inaangushwa na 11, kwa sababu 10 ikipandishwa kipeo witiri kisha ukajumlisha 1, lazima 11 iingie. Inabaki 9091. Kwa hoja hiyohiyo, ukiifanya 100 kuwa ndiyo msingi, 10000000001 ni 100 kwa kipeo cha tano, jumlisha 1, kwa hiyo 101 lazima iingie. Inabaki 99009901. Na 11111 tumekwisha kukutana nayo bila kujua, maana 99999 ni tisa mara 11111: ni 41 × 271.

Imebaki kuijua 99009901. Kipeuo chake ni kama 9950, na hiyo bado ni safari ndefu kama utajaribu tasa zote. Lakini umbo linakusaidia tena. Kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe cha sura 20k + 1, yaani ukikigawa kwa 20 kinabaki 1. Sababu yake ni hii: tasa inayoingia humo ni ile ambayo 10 inahitaji kuzidishwa kwa yenyewe mara ishirini kamili ndipo irudi kwenye baki la 1, na Fermat, yule Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba mzunguko kama huo lazima ugawe tasa-kasoro-moja. Kwa lugha ya ubaoni: jaribu tasa zinazoishia na 01, 21, 41, 61 au 81 tu. Zilizobaki zote, 7, 13, 17, 19, 23, 29 na wenzake, ziache zipite. Unaanza 41, 61, 101, 181, 241, 281, unaendelea hivyo, na ukifika 3541 mlango unafunguka: 99009901 = 3541 × 27961.

Je, 27961 ni tasa? Kipeuo chake ni kama 167, na tasa za sura 20k + 1 zilizo chini ya hapo ni 41, 61 na 101 peke yake. Zinaacha baki 40, 23 na 85. Ni tasa. Kwa 3541 unajaribu 41 tu. Kwa 9091 sura ni 10k + 1, unajaribu 11, 31, 41, 61 na 71, zote zinagoma. Hivyo jibu zima:

11 × 41 × 101 × 271 × 3541 × 9091 × 27961

Darasa langu lilipiga meza hapa, na wapakiaji wa viazi wakachungulia kuona kuna nini.

Vigawo tasa ukishavipata, sifa nyingine za namba zinakuja zenyewe. Ina vigawo vingapi kwa jumla? Kila tasa ama unaichukua ama unaiacha, na tasa ziko saba, hakuna iliyojirudia, basi ni 2 kwa kipeo cha saba: vigawo 128, ukihesabu 1 na namba yenyewe. Kama tasa zingejirudia ungejumlisha 1 kwenye kila kipeo kisha ukazidisha, kama kwa 360, ambayo ni 2 mara tatu, 3 mara mbili na 5 mara moja: 4 × 3 × 2 = 24. Jumla ya vigawo hivyo 128? Ongeza 1 kwa kila tasa kisha zidisha: 12 × 42 × 102 × 272 × 3542 × 9092 × 27962. Sikuombi uimalize. Njia hii ya kuongeza 1 inafaa tu pale ambapo hakuna tasa iliyojirudia.

Ukipunguza 1 badala ya kuongeza, unapata kitu kingine kabisa: idadi ya namba, kuanzia 1 hadi hiyo moja ishirini, ambazo KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yao na yenyewe ni 1. Yaani 10 × 40 × 100 × 270 × 3540 × 9090 × 27960 = 9716907484800000000. Hiyo ni kama asilimia 87 ya zote. Ukichomoa namba yoyote bila kuchagua, uwezekano ni mkubwa kwamba haishirikiani nayo kigawo chochote. Hesabu hii ni ya Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, na ndiyo iliyobeba usalama wa RSA, njia ya kuficha ujumbe iliyotangazwa mwaka 1977: anayevijua vigawo tasa anaipata kwa dakika moja, asiyevijua anahangaika.

Kuna jambo hapa linalowafurahisha hata wale wasiopenda hisabati. Gawa 1 kwa 41: 0.02439 02439 02439, mzunguko wa tarakimu tano. Gawa 1 kwa 271: 0.00369 00369, tano tena. 1 kwa 101 ni 0.0099 0099, nne. 1 kwa 11 ni 0.09 09, mbili. Ya 9091 inazunguka baada ya tarakimu kumi, na 3541 na 27961 baada ya ishirini kamili. Angalia urefu wa mizunguko: 2, 4, 5, 10, 20. Yote inagawa ishirini. Tasa yoyote zaidi ya 2, 3 na 5 inaingia kwenye safu ya moja-moja pale tu mzunguko wake wa desimali unapogawa idadi ya hizo moja. Saba inazunguka kwa sita, 0.142857, na sita haigawi ishirini. Kwa hiyo kijana wa dirishani hakuhitaji kujaribu 7. Saba ingemkubali kwenye moja sita, au kumi na mbili, au kumi na nane.

Sasa turudi kwenye namba zisizo na umbo. Inawezekana kuthibitisha kwamba namba si tasa bila kupata hata kigawo kimoja? Inawezekana, na hili ndilo ninalolifundisha mwisho kwa sababu wengi hawaliamini. Fermat anasema kama n ni tasa witiri, basi 2 kwa kipeo cha n − 1 inaacha baki 1 ukiigawa kwa n. Ikiacha kingine, n si tasa, hakuna rufaa.

Jaribu 91, ambayo kila mwaka kuna mtu anaapa kwamba ni tasa. Tunataka baki la 2 kwa kipeo cha 90. Usizidishe mara tisini. Zidisha baki kwa lenyewe: kipeo 2 ni 4, kipeo 4 ni 16, kipeo 8 ni 256 inayobaki 74, kipeo 16 inabaki 16, kipeo 32 inabaki 74, kipeo 64 inabaki 16. Na 90 = 64 + 16 + 8 + 2, basi zidisha 16 × 16 × 74 × 4 ukitoa 91 kila inapozidi. Unapata 64. Si 1. Kwa hiyo 91 si tasa, na hatujaitaja 7 wala 13 popote kwenye hoja. Kwa kompyuta hesabu hiihii inafanyika kwa namba ya mamia ya tarakimu ndani ya kufumba na kufumbua.

Tahadhari: kipimo hiki kikisema "si tasa" kiamini, kikinyamaza usishangilie. 341 ni 11 × 31, lakini inapita, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha kumi ni 1024 na 1024 ni 341 mara tatu, baki 1. Ukipata 1 kwa msingi wa 2, rudia kwa msingi wa 3.

Tofauti hii kati ya kujua kwamba namba si tasa na kuvijua vigawo vyake imewahi kuchukua miaka. Mwaka 1644 Mersenne, mtawa wa Kifaransa, alitangaza kwamba 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, ni tasa. Mfaransa mwingine, Lucas, akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kigawo mkononi. Vigawo vilikuja mwaka 1903, vikaletwa na Mmarekani Frank Nelson Cole:

147573952589676412927 = 193707721 × 761838257287

Kuvitafuta ilikuwa kazi nzito. Kuvihakiki ni kazi ya jioni moja kwa kalamu. Anza kwa kutoa tisa: tarakimu za kigawo cha kwanza zinajumlika 37, baki 1 kwa 9, za cha pili 64, baki 1, za zao 109, baki 1. Moja mara moja ni moja, mpaka hapo hakuna mgongano. Hilo halitoshi kuthibitisha, lakini makosa mengi ya kuzidisha hukamatwa hapo. Halafu toa 1 kwenye kigawo cha kwanza, gawa kwa 134: unapata 1445580 kamili. Si bahati. Kigawo chochote cha 2 kwa kipeo tasa witiri p, toa 1, lazima kibaki 1 ukikigawa kwa 2p, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7.

Anayetaka kazi kubwa zaidi achukue 2 kwa kipeo cha 1277, toa 1. Ina tarakimu 385. Inajulikana kwamba si tasa, na hadi naandika haya hakuna aliyetoa kigawo chake hata kimoja. Kigawo hicho kitakuwa cha sura 2554k + 1, na kwa 8 kitaacha 1 au 7. Usianzie k = 1, huko wameshapita wengi. Kama unataka kujipima kwanza, ile 518273080650288413 bado iko wazi: 17 tumeitoa, anza na 19, sita sita, ukibeba baki.